Wanyama wadogo kama vielelezo vya ugonjwa wa Alzheimer

Wanyama kielelezo wa ugonjwa wa Alzheimer ni wanyama wanaotumiwa na watafiti ili kuelewa jinsi ugonjwa huo unavyoanza na unavyoharibu ubongo, na ili kujaribu dawa kabla hazijapewa binadamu. Wengi wao ni mamalia wadogo, hasa panya wa maabara (Mus musculus). Wengine ni simbilisi, degu wa Chile, tupaya wa Asia, lemuri-panya wa Madagaska na spishi kadhaa za Afrika ya Mashariki, ambazo mashuhuri zaidi kati yake ni fuko uchi (Heterocephalus glaber) wa Kenya, Ethiopia na Somalia.

Hakuna hata mmoja kati yao anayepata ugonjwa wa Alzheimer kamili kama unavyomjia binadamu. Kila mmoja huonyesha sehemu tu ya ugonjwa, na fuko uchi anachunguzwa kwa sababu ya kinyume: ana mengi yanayotarajiwa kuleta ugonjwa lakini haugui. Kwa hiyo kumtathmini mnyama kielelezo ni kuuliza anaonyesha sehemu gani ya ugonjwa, na je, matokeo yake yanaweza kuaminiwa kwa mgonjwa wa kweli.

Ugonjwa unaotafutiwa kielelezo

Tarehe 3 Novemba 1906, katika mkutano uliofanyika Tübingen, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Mwanamke huyo alikuwa amelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, akisahau majina na kuchanganyikiwa, na alifariki mwaka 1906. Alipoupima ubongo wake kwa hadubini, Alzheimer aliona mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo alama za ugonjwa huo. La kwanza ni mabonge yaliyo nje ya seli za neva, ambayo baadaye yalijulikana kuwa ya protini iitwayo amiloidi-beta. La pili ni mafundo ya nyuzi ndani ya seli zenyewe, ambayo ni ya protini iitwayo tau.

Amiloidi-beta ni kipande kinachokatwa kutoka protini kubwa zaidi iitwayo APP, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 21. Ndiyo sababu watu wenye sindromu ya Down, walio na kromosomu hiyo mara tatu, hupata mabonge mapema. Katika familia chache duniani ugonjwa hurithiwa moja kwa moja kwa mabadiliko ya jeni za APP, PSEN1 au PSEN2, na wagonjwa huanza kuugua kabla ya uzee. Familia hizo ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu karibu panya wote wa maabara wa Alzheimer wametengenezwa kwa kutumia jeni za hao wachache.

Vigezo vya tathmini

Mwaka 1984 mwanasaikolojia Paul Willner alipendekeza vigezo vitatu vya kupima wanyama kielelezo wa sonona, na vigezo hivyo vimeenea katika utafiti wote wa magonjwa ya ubongo. Kwanza ni mfanano wa sura: je, mnyama anaonyesha dalili zinazofanana na za mgonjwa? Pili ni mfanano wa chanzo: je, dalili hizo zimeletwa na sababu ileile? Tatu ni uwezo wa kutabiri: je, dawa inayomsaidia mnyama itamsaidia na binadamu?

Kigezo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho wagonjwa wanachokisubiri. Mnyama anaweza kupita mtihani wa kwanza kwa alama za juu, akasahau njia na kuwa na mabonge ubongoni, kisha akadanganya kabisa kuhusu dawa.

Zaidi ya hayo kuna mambo ya kawaida ambayo mara nyingi huamua uchaguzi kuliko nadharia: gharama ya kumlisha mnyama, muda anaochukua kuzeeka, idadi ya watoto anaozaa, na kama kuna vitendanishi vya maabara vinavyofaa spishi yake. Panya wa maabara huishi miaka 2 hadi 3 tu na huzaa sana. Mtafiti mwenye fedha za miaka mitatu hawezi kusubiri mnyama anayezeeka kwa miaka thelathini.

Panya waliobadilishwa jeni

Panya wa kawaida hapati mabonge ya amiloidi hata akizeeka. Amiloidi-beta yake inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino tatu, katika nafasi ya 5, ya 10 na ya 13, na tofauti hizo zinatosha kuifanya isigandamane kwa urahisi. Kwa hiyo watafiti walipandikiza jeni ya APP ya binadamu ndani ya panya. Panya aliyeitwa PDAPP alitangazwa mwaka 1995, Tg2576 akafuata mwaka 1996. Mwaka 2003 alikuja 3xTg-AD, mwenye mabadiliko matatu ya jeni, na mwaka 2006 akaja 5xFAD, mwenye mabadiliko matano, ambaye huanza kupata mabonge akiwa na umri wa miezi 2 tu.

Kasi hiyo inapendwa maabarani, lakini ndiyo pia udhaifu. Panya wa miezi miwili ni kijana. Alzheimer kwa wagonjwa walio wengi ni ugonjwa wa wazee, na uzee wenyewe, pamoja na mishipa iliyochoka na kinga iliyobadilika, ni sehemu ya ugonjwa. Tena panya wenye APP peke yake hawapati mafundo ya tau. Ili kuyapata, waliomtengeneza 3xTg-AD waliongeza jeni ya tau yenye kasoro inayojulikana kama P301L. Kasoro hiyo kwa binadamu haileti Alzheimer, bali huleta ugonjwa mwingine wa ubongo unaoshambulia sehemu za mbele na za pembeni. Kwa maneno mengine, panya huyo ameunganishwa kutokana na magonjwa mawili tofauti. Mwaka 2014 kundi la Takaomi Saido nchini Japani lilitoa panya ambao jeni yao wenyewe ya APP imerekebishwa mahali ilipo, ili protini isizalishwe kupita kiasi. Hao wanaonwa na wengi kuwa afadhali, ingawa nao hawapati mafundo ya tau.

Kosa la kupima linaweza pia kujificha katika nasaba. Kumbukumbu ya panya hupimwa mara nyingi kwa dimbwi la maji lililobuniwa na Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980: mnyama huogelea akitafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji, akiongozwa na alama zilizo ukutani. Baadhi ya nasaba zinazochanganywa kumpata Tg2576 zina jeni ya kurithi inayoua seli za macho. Panya aliyerithi nakala mbili za jeni hiyo ni kipofu. Hataliona jukwaa wala alama, na mtafiti asiyepima jeni hiyo ataandika kwamba mnyama amepoteza kumbukumbu.

Chanjo iliyofaulu kwa panya

Mfano unaotajwa zaidi kuhusu uwezo wa kutabiri ni chanjo ya AN1792. Mwaka 1999 Dale Schenk na wenzake walionyesha kwamba panya wa PDAPP waliochanjwa kwa amiloidi-beta hawakupata mabonge, na waliokwisha kuyapata yalipungua. Majaribio kwa binadamu yalianza haraka. Mwaka 2002 yalisimamishwa kwa sababu takriban asilimia 6 ya waliochanjwa walipata uvimbe wa ubongo na utando wake, jambo ambalo panya hawakulionyesha.

Habari iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 2008 uchunguzi wa bongo za washiriki waliofariki miaka kadhaa baada ya chanjo ulionyesha kwamba baadhi yao mabonge yalikuwa karibu yameondoka yote, na bado walikuwa wamefikia hatua ya mwisho ya ugonjwa kabla ya kufa. Panya walikuwa wamesema kweli kuhusu mabonge, lakini hawakuweza kusema lolote kuhusu mtu ambaye seli zake za neva zilikuwa zimekwisha kufa.

Hata hivyo si haki kusema kwamba njia hiyo yote ilikuwa bure. Kingamwili ya lecanemab, iliyotokana na kazi ya miaka mingi kwa panya, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 baada ya jaribio la miezi 18 kuonyesha kwamba inapunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ikilinganishwa na dawa bandia. Haiponyi, inahitaji kupimwa kwa mashine ya MRI mara kwa mara, na inaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni.

Fuko uchi

Fuko uchi ni mgugunaji mwenye uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi, asiye na manyoya isipokuwa nywele chache, mwenye meno marefu yanayotokea nje ya midomo. Alielezwa kisayansi na Eduard Rüppell mwaka 1842. Huishi chini ya ardhi kavu katika makundi ambayo kwa wastani yana wanyama 70 hadi 80, na mara nyingine karibu 300. Katika kila kundi malkia mmoja ndiye anayezaa, na wengine huchimba, hutafuta viazi vya porini na kulinda mashimo. Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza nchini Kenya miaka ya 1960, ndiye aliyeujulisha ulimwengu mwaka 1981 kwamba mamalia huyu anaishi kama mchwa na nyuki. Sehemu kubwa ya fuko uchi walioko katika maabara za dunia ni uzao wa wanyama waliokamatwa Kenya, katika maeneo kama Mtito Andei.

Kilichowavuta watafiti wa uzee ni maisha yake marefu. Panya wa ukubwa huohuo haishi zaidi ya miaka michache. Fuko uchi maabarani amevuka miaka 37. Mwaka 2018 kundi la Rochelle Buffenstein lilichapisha takwimu za maelfu ya wanyama zikionyesha kwamba uwezekano wa fuko uchi kufa hauongezeki kadiri anavyozeeka, tofauti na mamalia wengine wanaojulikana. Mnyama huyu pia huvumilia hewa ambayo ingemuua panya: mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa, ubongo wake ukitumia sukari ya fruktosi badala ya glukosi.

Kuhusu Alzheimer, utafiti mkuu ni wa Yael Edrey na wenzake uliochapishwa mwaka 2013. Walikuta kwamba ubongo wa fuko uchi, tangu ujana, una amiloidi-beta nyingi kwa kiasi kinacholingana na cha panya wa 3xTg-AD, ambaye ametengenezwa makusudi aizalishe kwa wingi. Amiloidi hiyo inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja tu: katika nafasi ya 13, histidini ya binadamu imeshikwa na arginini. Ilipowekwa kwenye seli za neva za panya ndani ya sahani ya maabara, ilizidhuru kama ile ya binadamu. Pamoja na hayo, hata wanyama wazee hawakuwa na mabonge. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kwamba tau ya fuko uchi nayo ina fosfati nyingi maisha yake yote, hali ambayo kwa binadamu huhusishwa na mafundo, lakini mafundo hayapo.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Huenda amiloidi ya fuko uchi, kwa sababu ya ile asidi amino moja, haigandamani kwa urahisi. Kweli katika vipimo iligandamana kidogo kuliko ya binadamu. Ikiwa hiyo ndiyo sababu yote, mnyama huyu ana la kutufundisha kuhusu kemia ya protini, lakini hana kinga yoyote ya pekee. Njia ya pili ni kwamba seli zake zina namna bora ya kutunza protini, kuondoa zilizoharibika na kuvumilia sumu. Kwa sasa uzito wa hoja uko katikati. Lisilo na ubishi ni kwamba wingi wa amiloidi peke yake hautoshi kuleta ugonjwa, na hilo linagusa nadharia iliyoongoza utafiti kwa miongo mitatu.

Kama mnyama wa kujaribia dawa, fuko uchi ana upungufu mkubwa. Haugui, kwa hiyo hakuna cha kutibu. Haoni vizuri, kwa hiyo mitihani ya kumbukumbu inayotegemea alama za ukutani haimfai. Huzeeka polepole mno, na akitengwa na kundi lake mwenendo wake hubadilika. Afadhali kumwita kielelezo cha kinga kuliko kielelezo cha ugonjwa.

Spishi nyingine

Panya wa nyasi (Arvicanthis niloticus) ni wa kawaida katika mbuga za Afrika ya Mashariki. Ana sifa moja ambayo panya wa maabara hana: huamka mchana na kulala usiku kama binadamu. Kundi linalofugwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan lilitokana na wanyama waliokamatwa Maasai Mara, Kenya, mwaka 1993. Mwaka 2018 watafiti wa chuo hicho waliripoti kwamba panya waliokaa wiki nne katika mwanga hafifu wa mchana walifanya vibaya katika mtihani wa kukumbuka mahali, na sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hipokampasi, ilikuwa na viunganishi vichache zaidi. Waliporudishwa kwenye mwanga mkali walipata nafuu. Huo si Alzheimer. Lakini wagonjwa wengi wa Alzheimer huvurugikiwa na usingizi, na kumchunguza kwa mnyama wa usiku ni kuyaanza mambo kichwa chini.

Simbilisi ana amiloidi-beta iliyo sawa kabisa na ya binadamu, lakini hapati mabonge mwenyewe. Katika Kivu ya Kusini na sehemu za Tanzania hufugwa kwa ajili ya nyama, hivyo ni mnyama rahisi kupatikana. Tupaya pia ana amiloidi sawa na ya binadamu.

Degu (Octodon degus) wa Chile ni somo la tahadhari. Mwaka 2005 iliripotiwa kwamba degu wazee hupata mabonge na mafundo bila kubadilishwa jeni, na matumaini yakawa makubwa. Baadaye maabara nyingine zilipochunguza degu waliozaliwa kizimbani kwa vizazi vingi hazikuyaona mambo hayo. Spishi moja, majibu mawili. Asili ya kundi inaweza kuwa na uzito kuliko jina la mnyama.

Lemuri-panya (Microcebus murinus) wa Madagaska ni mmoja wa jamii ya nyani na binadamu walio wadogo kabisa, mwenye uzito usiofikia gramu 100 mara nyingi. Baadhi ya wazee wao hupata mabonge, si wote, na katika hilo wanafanana na watu. Kundi maarufu linatunzwa Brunoy, Ufaransa.

Kuna pia wanyama ambao ni maarufu katika utafiti wa Tanzania lakini hawafai kazi hii kwa sasa. Panya buku (Cricetomys ansorgei) wa Morogoro, waliofunzwa na shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, huishi hadi miaka 8, na kupotea kwa uwezo wa kunusa ni moja ya dalili za mapema za Alzheimer. Hata hivyo mnyama mmoja aliyefunzwa kwa miezi mingi ana thamani kubwa mno kuwa wa kupasuliwa ubongo. Panya wa mashambani (Mastomys natalensis), anayejulikana na kila mkulima wa mahindi kutoka Morogoro hadi Tabora, porini mara nyingi hafikishi mwaka mmoja. Huyo hufa kabla ya kuonja uzee.

Wagonjwa wa Afrika ya Mashariki

Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 6.4 ya wakazi wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Karibu nusu yao walikuwa na Alzheimer, na wengi wa waliobaki ubongo wao ulikuwa umeharibiwa na matatizo ya mishipa ya damu. Kwa mzee mmoja mambo hayo mawili mara nyingi huchanganyika. Panya wa 5xFAD, anayekula chakula kilichopimwa na asiye na shinikizo la damu, hawakilishi mzee wa namna hiyo.

Jeni nazo hazifanani kila mahali. Aina ya jeni ya APOE iitwayo e4 huongeza sana hatari ya Alzheimer kwa watu wenye asili ya Ulaya, na panya wengi wamepandikizwa jeni hiyo. Lakini uchunguzi uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionyesha uhusiano dhaifu sana kwa upande wa Ibadan. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis.

Kwa familia nyingi suala la kwanza bado ni kutambua kwamba ni ugonjwa. Mzee anayetangatanga usiku au kumsahau mwanawe husemwa amerudi utotoni, na mara nyingine husemwa vibaya zaidi. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na tabia zisizoeleweka za uzeeni ni miongoni mwa mambo yanayochochea tuhuma za namna hiyo.

Maadili na sheria

Kanuni zinazotumika katika nchi nyingi zinatokana na kitabu cha William Russell na Rex Burch cha mwaka 1959: kutumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Desemba 2022 Marekani iliondoa sharti la kisheria kwamba kila dawa mpya ijaribiwe kwa wanyama kabla ya binadamu. Vipimo vya seli za binadamu na vya kompyuta sasa vinaweza kukubaliwa.

Nchini Tanzania utafiti huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na unaohusu wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inataka nchi zinakotoka viumbe zigawiwe sehemu ya faida inayopatikana kutokana nao. Fuko uchi na panya wa nyasi walioanzisha makundi makuu ya maabara waliondoka Kenya miaka mingi kabla ya tarehe hiyo.